Ubaya Uko Kwenye Rangi

Kila mtu aliyepita Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, anazijua zile baiskeli za magurudumu matatu za ndugu zetu walemavu. Zinavuka mpaka zimejaa magunia na katoni, mwenye chombo haonekani vizuri, na vijana wawili watatu wanasukuma nyuma. Nyingi zimepita mikononi mwa fundi wa mtaani. Amekata mabomba, ameyaunga kwa moto, ameongeza chuma hapa na pale ili zibebe zaidi. Sisi wa huku tunaita kazi hiyo kusudira, Watanzania na Wakenya wanasema kuchomelea. Mwenye baiskeli amekabidhi miguu yake na chakula cha watoto wake kwa viungo ambavyo hawezi kuona ndani yake.

Hapo ndipo linatoka swali langu. Kiungo kizuri ni kile ambacho moto umeyeyusha vyuma vyote viwili mpaka vikawa kimoja. Kiungo kibaya ni kile ambacho bageti imeyeyuka ikalala juu tu, kama ugali juu ya sahani. Ukishagonga yale maganda, ukasaga, ukapaka rangi, vyote viwili vinafanana kabisa. Basi kwa nini fundi ajisumbue? Kwa nini mtu afanye vizuri pale ambapo hakuna atakayeona?

Usidhani ni swali la mafundi wa mtaani peke yao. Hata kwenye viwanda vikubwa vya magari lipo. Bodi ya gari dogo imeshikwa na maelfu ya viungo vidogo vya nukta. Mabati mawili yanabanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkali unapita kwa muda usiofika sekunde moja, na punje ya chuma inayeyuka katikati ya mabati hayo. Kiungo kinazaliwa kimefichwa. Sasa, zile ncha za shaba zinachakaa. Zikibapa, umeme unatawanyika, punje inakuwa ndogo au haifanyiki kabisa, na gari linatoka likiwa zuri lile lile machoni.

Ndiyo maana viwandani kuna watu ambao wanamaliza miaka thelathini, arobaini, wakizunguka mashine hizo. Wanachonga ncha, wanaangalia maji ya kupoza, wanachukua sampuli na kuzipasua kwa patasi kuona kama chuma kimeshikana kweli. Kazi yao ikienda vizuri, hakuna kinachotokea. Volkswagen ilianza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018. Anayeendesha moja ya magari hayo hatajua kamwe nani alichonga ncha zilizoshika bodi yake, wala hatampigia simu kusema asante. Maisha mazima ya kazi yanaisha hivyo. Je, ni maisha yaliyopotea?

Jibu la kwanza tunalopewa tangu utoto ni hili: njia ya mwongo ni fupi. Fanya vizuri kwa sababu utashikwa. Mimi naona jibu hili halitoshi, na nitatoa mfano wa mbali kidogo kueleza sababu.

Tarehe 27 Machi 1980, kwenye bahari ya kaskazini, upande wa Norway, jukwaa la chuma lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka jioni. Lilikuwa makazi ya wafanyakazi wa visima vya mafuta. Walikuwamo watu 212, wakafa 123. Wachunguzi walifuata ufa mpaka mwanzo wake, wakafika kwenye kiungo cha milimita 6 tu, kilichoshika kipande kidogo cha kubebea chombo cha kusikiliza sauti majini. Ndani ya ufa ule walikuta mabaki ya rangi. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo tangu jukwaa likijengwa, na rangi ikapita juu yake.

Awe fundi yule alijua au hakujua, angalieni nani alilipa. Jukwaa lilikabidhiwa 1976. Ile njia fupi ilimalizikia kwa watu 123 ambao hawakudanganya mtu yeyote. Na huku kwetu ni hivyo zaidi. Mteja wa leo kesho amehamishiwa kambi nyingine, au amepata safari ya ng'ambo, au amerudi upande wa pili. Baiskeli ikivunjika, nani atamtafuta fundi? Ukimfundisha kijana uaminifu kwa kumtisha kwamba atashikwa, siku akigundua hashikwi umemwachia nini?

Jibu la pili ni kwamba Mungu anaona. Hilo naliamini, na wengi wetu hapa tumefika kwa sababu tulilishikilia. Lakini nikiliacha peke yake, naona linabaki jambo kati ya fundi na Mungu, na mwenye baiskeli amesahauliwa nje.

Jibu langu liko kwenye neno moja ambalo wazazi wetu wanalijua: amana. Anayeweza kukagua kazi yako amenunua kitu. Asiyeweza kukagua amekuwekea amana. Amekuachia sehemu ya uhai wake uitunze, kama jirani anavyokuachia mtoto akienda sokoni. Huwezi kusema eti mtoto hakuona, kwa hiyo haidhuru. Kutokuona kwake ndiko kunakuongezea deni.

Kijana mmoja kwenye kikundi chetu alinipinga hapo, na hoja yake ina nguvu. Alisema: mteja ananilipa nusu, bageti ni ghali, umeme unakatika katikati ya kazi, na nyumbani wananisubiri. Kazi kamili kwa pesa nusu ni wizi pia, ila mwizi hapa ni mteja. Nilifikiri sana juu ya maneno yake. Nadhani ana haki ya kukataa bei hiyo. Ana haki hata ya kufanya kazi ndogo kwa pesa ndogo, mradi aseme: "Mzee, kwa pesa hii nimeshika tu, usipakie magunia zaidi ya mawili mpaka urudi." Kiungo dhaifu kinachojulikana kuwa dhaifu si dhambi, ni umaskini. Ubaya uko kwenye rangi, yaani kumfanya mtu apakie magunia matano juu ya kitu ambacho wewe unajua hakibebi mawili.

Sasa tuangalie kambi zetu, maana rangi haiko kwenye chuma tu. Cheti cha mafunzo ambacho mwenye nacho hajawahi kuunga bomba peke yake ni rangi. Orodha ya mahudhurio yenye sahihi za watu waliokuwa wamelala ni rangi, na sahihi hizo ni zetu sisi wakimbizi, si za mtu mwingine. Ripoti inayosema bomba la maji limekabidhiwa, pamoja na picha ya watu wanapiga makofi, inaweza kuwa rangi pia, kama hakuna aliyepewa spana wala pesa ya kulitunza. Ndugu zetu wa mashirika, nawaomba hili kwa heshima: kwenye kila kitu mnachojenga, wekeni fungu la fundi atakayekuja baada ya picha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mahali kazi ilipokuwa dhaifu, andikeni kwamba ni dhaifu, ili tusipakie magunia matano.

Wale wanaochonga ncha za shaba miaka arobaini hawakupoteza maisha yao. Walitunza amana ya watu wasiowajua. Kwa hiyo kijana akiniuliza kwa nini asubiri miezi yote ya mafunzo wakati kiungo chake tayari kinapendeza, namwambia achukue patasi na nyundo, apasue kazi yake mwenyewe mbele ya wenzake, waone ndani kuna nini. Kikikataa kupasuka, apake rangi yoyote anayotaka.