Pete Inayozunguka Upande Mmoja

Mtu anayeishi Nairobi, ambaye maji mengi zaidi atakayokutana nayo mwaka huu ni ya mafuriko ya Aprili, ana haja gani na saa inayostahimili mita 300 chini ya bahari? Ukitangaza kwamba unaweka akiba ya saa yako ya kwanza ya mbizi, ile ya bei ghali kabisa, marafiki watakuuliza hivyo huku wakicheka. Lakini swali lenyewe si la mzaha.

Tukubali kwanza: huihitaji. Karibu hakuna anayeihitaji. Wapiga mbizi wa kujiburudisha hushauriwa wasipite mita 40. Ahmed Gabr wa Misri alitambuliwa kuwa ameweka rekodi ya dunia mwaka 2014 kwa kushuka na mitungi hadi mita 332. Tena wapiga mbizi wengi siku hizi hutegemea kompyuta ndogo ya mkononi, na kama shida ni kujua saa ngapi, simu yako inaishinda kwa usahihi saa yoyote inayoendeshwa na springi.

Hata hivyo, hoja ya haja haitufikishi mbali. Leso isiyo na jina husitiri mwili sawasawa na yenye jina, lakini nani ataenda kununua leso asisome maneno kwanza? Binadamu hatuishi kwa haja tupu. Swali zito zaidi ni hili: unapoitamani saa hiyo, unamnunulia nani?

Fanya jaribio akilini. Mtu anakuletea saa feki, imeigwa vizuri hivi kwamba hakuna yeyote mtaani atakayeigundua, kwa bei ya jozi ya raba. Utaridhika? Ukisema ndiyo, basi ulikuwa unanunua macho ya watu, na macho hayo yanapatikana rahisi. Okoa doo zako. Ukisema hapana, kuna kitu unachokitaka ambacho hakionekani. Unataka kile kilicho ndani ya chuma kiwe sawa na kile kinachodaiwa nje, hata pale asipokuwepo wa kukagua. Hiyo si tamaa mbaya. Ni jamaa wa karibu wa uaminifu.

Sasa tuiangalie saa yenyewe. Mwaka 1953, kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, pima ileile tunayoijua kwa kunyoosha mikono miwili, takribani mita 91 kwa jumla. Aliyekuwa akiiongoza kampuni, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mpiga mbizi, na inasimuliwa kwamba aliwahi kuishiwa hewa akiwa chini kwa kupoteza hesabu ya muda. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa nao walikuwa wakitafuta saa ya namna hiyo. Kwa hiyo saa hii haikuzaliwa kwa ajili ya kujishaua. Ilizaliwa na hofu ya kukosa pumzi.

Ndiyo maana ina ile pete ya nje yenye alama za dakika. Kabla ya kuzama, unazungusha alama ya mwanzo hadi ikutane na mshale wa dakika. Ukiwa chini unasoma moja kwa moja umekaa dakika ngapi. Katika saa za leo pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa na jabali ikasogea, itakudanganya, lakini itakuambia umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa. Utapanda mapema. Kosa lake limepangwa liegemee upande wa uhai.

Sasa mfikirie mtu anayeinunua saa hiyo kwa mkopo wa simu ili avae Jumamosi kwa harusi. Ameizungusha pete upande uliokatazwa: anajionyesha ana hewa asiyokuwa nayo. Amevaa mkononi kifaa cha tahadhari, na namna alivyokipata inakikana kifaa chenyewe.

Na familia je? Mdogo wako anasubiri karo, mzazi anasubiri dawa. Wapo watakaokuambia mtoto wa maskini hana ruhusa ya kumiliki kitu kizuri kabla jamaa wote hawajashiba. Siafiki, tajiri haulizwi hivyo kamwe. Lakini mpiga mbizi hufundishwa kuzama na mwenzake, na mtungi wake huwa na mdomo wa pili wa kupumulia, mwenzake akiishiwa. Hesabu ya hewa yako haikuhusu wewe peke yako. Anayepumua kwa mtungi wako mhesabu kwanza, kisha uone kilichobaki.

Kilichobaki ndicho kitakachokuchagulia saa. Submariner mpya ya Rolex inazidi shilingi milioni moja. Black Bay ya Tudor ni mamia ya maelfu. Zipo Seiko zinazotimiza kiwango kilekile cha ISO 6425, kinachodai saa ya mbizi istahimili angalau mita 100, kwa sehemu ndogo ya bei hizo. Weka pia kwenye hesabu matunzo: mipira inayozuia maji huchakaa, mitambo hudai fundi kila baada ya miaka kadhaa.

Wezi wa kwenye madirisha ya matatu wapo, na kuwa macho ni akili. Lakini jiulize kabla hujalipa: wakinipokonya kesho, nitaumia tu, ama nitaanguka? Kama ni kuumia, nunua, uivae, ichubuke. Kama ni kuanguka, bei hiyo imezidi hewa yako. Panda juu kwanza. Saa nzuri bado zitakuwepo.