Kabla ya Kuwasha Kamera

Wanafunzi wakipewa kazi ya kutengeneza video kwa kikundi, wengi hukimbilia kamera. Nashikilia kwamba kazi hiyo hufaulu au huharibika kabla kamera haijawashwa, pale inapoamuliwa nani ataandika mswada, nani atapiga picha, nani atasimamia sauti na nani atahariri. Ushahidi upo. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na matokeo aliyochapisha mwaka 1913 yalionyesha kuwa kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kuwa wenzao nao wanavuta kamba, ilhali walivuta peke yao. Hata hapo walilegea. Kumbe umoja ni nguvu pale tu jasho la kila mtu linapoonekana.

Wapo watakaosema mgawanyo wa kazi huua ubunifu, na kwamba mshika kipaza sauti hatajifunza kuhariri. Hoja ya pili ina uzito. Dawa yake ni kubadilishana majukumu katika kazi inayofuata. Ya kwanza haisimami. Mswada unaweza kubadilishwa wakati wowote, lakini sauti iliyorekodiwa vibaya, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anaisimamia, hairekebishiki kirahisi. Mwalimu, kabla ya kuitazama video, dai kwanza karatasi ya majukumu. Nanyi wanafunzi, andikeni majina yenu leo, kila jina na kazi yake.