Wataipima Tu?



Vuta picha. Jumapili baada ya Misa, parokia moja hapa Kyela, wahudumu wa damu salama wamefika na VIWAWA wamejipanga foleni. Kijana mmoja anajaza fomu. Kuna swali kuhusu mahusiano yake ya siku za karibuni. Anajua jibu la kweli ni "ndiyo", lakini wenzake wapo nyuma na katekista yupo mbele. Anaandika "hapana". Moyoni anajituliza: "Si wataipima tu?"

Je, ametenda dhambi, wakati amekuja kuokoa maisha?

Ni kweli, wataipima. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, hupima damu inayotolewa kuangalia VVU, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende. Kwa kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kituo kiko Mbeya. Damu yenye maambukizi haitumiki. Lakini kipimo nacho kina mwisho wake. Aliyeambukizwa VVU juzi anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe virusi vimo. Katika siku hizo za mwanzo, maabara haioni kitu. Mwenye damu ndiye pekee anayejua alikopita. Ndiyo maana unaulizwa kwanza, halafu unapimwa.

Na anayepokea ni nani? Huku bondeni kwetu, kwenye mpunga, maji na mbu, mara nyingi ni mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Au ni mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua. Hawezi kukuuliza chochote. Anakuamini tu.

Mnawakumbuka Anania na Safira, Matendo ya Mitume sura ya 5? Hawakulazimishwa kutoa. Kosa lao lilikuwa kuifunika sadaka yao kwa uongo. Walitaka sifa ya mtoaji bila ukweli wa mtoaji. Hata sisi, zawadi yenye uongo ndani yake inaweza kumuumiza aliyeipokea.

Utasema, "Nikiondoka kwenye foleni watanishuku." Aibu inauma, sikatai. Lakini watu hurudishwa kwa mambo mengi: uzito chini ya kilo 50, presha, wingi wa damu kuwa mdogo, au muda haujatimia tangu utoe mara ya mwisho. Mwombe mhudumu mzungumze faragha, umwambie, "Leo sitoi." Inatosha. Halafu nenda ukapime, na kama dhamiri inakusumbua, padre yupo kitubioni.

Nasi tuliobaki kwenye foleni tuna sehemu yetu. Tuache ile ya "mbona wewe hujatoa?" Swali hilo la utani linaweza kumsukuma mwenzako aandike uongo.

Tusali: Ee Yesu, uliyemwaga damu yako kwa ajili yetu bila hila, utupe moyo wa kutoa, na ujasiri wa kusema kweli hata pale ambapo kweli hiyo ni "leo hapana". Amina.