Kinyozi Hajinyoi

Tangu Serikali yetu itie sahihi mkataba na kampuni ya bomba la mafuta ghafi, Mei 2021, wengi huku Karagwe na Kyerwa wamekuwa wakisema, "Hilo ni la wenzetu." Ni kweli bomba halikupita kwetu. Mafuta ya visima vya Ziwa Albert, Uganda, yamewekewa njia ya kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Njia hiyo huingia nchini Missenyi, ikapita Muleba na Biharamulo. Mto Kagera nao hutupitia sisi kwanza, ndipo uteremke Missenyi ambako bomba huuvuka. Mafuta yakimwagika huko, maji hayarudi nyuma hadi Murongo.

Basi swali ni hili: je, asiyefikiwa na madhara ana wajibu wa kuuliza? Sisi twaona anao, tena pengine kuliko wengine.

Sisi tuliofundisha twajua jambo moja. Mtihani wa darasa la saba hausimamiwi na mwalimu wa shule ile ile. Huletwa mwalimu wa shule nyingine. Si kwa sababu mwalimu wa watoto ni mwizi, la hasha. Ni kwa sababu awapenda, na anatamani wafaulu, na tamaa hiyo hupotosha jicho hata la mtu mwema.

Sasa tutazame bomba hili. Kampuni ya TotalEnergies ina hisa 62 katika kila mia, CNOOC ya China hisa 8, na mashirika ya mafuta ya Serikali za Uganda na Tanzania hisa 15 kila moja. Serikali yetu, basi, ni mwenye mali. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliwapa ukaguzi wa athari watumishi wa Serikali hiyo hiyo. Hatusemi kwamba yupo aliyekosa. Twasema tu kwamba kinyozi hajinyoi.

Na kazi yenyewe yataka macho makali. Mafuta haya huganda kama samli, hivyo hupashwa moto wa nyuzi kama 50 ili yatiririke. Kule visimani, pamoja na mafuta hutoka maji machafu yasiyofaa kumwagwa ovyo. Bomba limefukiwa, ufa mdogo hauonwi na mpita njia.

Wapo watakaosema mgeni hajui kitu, mwenyeji ndiye ajuaye harufu ya maji yake. Ni kweli. Lakini mwenyeji aliyepokea fidia, au ambaye mwanawe ameajiriwa huko, huona haya kusema. Sisi hatukulipwa wala hatukuajiriwa. Hatuna cha kupoteza kwa kuuliza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo tukutanapo na ndugu zetu wa Missenyi, sokoni au msibani, tuwaulize: Nani hupima maji yenu? Hupima lini? Majibu yasomwa wapi? Wakikosa jibu, tusimame pamoja nao mbele ya diwani na mbunge. Shule na zahanati zitakazojengwa kwa fedha za mafuta tutazifurahia sote. Haifai ulinzi tuwaachie wao peke yao.