Mti Wenye Jina

Katika kazi yangu ya habari kuna sentensi nimeiandika mara nyingi mno: watu kadhaa wamefariki, akiwemo fulani. Fulani anapata jina, umri na picha. Waliobaki wanapata tarakimu. Labda ndiyo maana kisa cha Prometheus hakinitoki.

Prometheus ulikuwa msonobari wa aina ya Pinus longaeva, juu mlimani Nevada, Marekani. Mwaka 1964 mwanafunzi mtafiti, Donald Currey, aliukata kwa ruhusa ya idara ya misitu. Pete za shina, moja kila mwaka, zilipohesabiwa zikapita 4,800. Jina Prometheus watu walishaupa. Currey kwenye kumbukumbu zake aliuandika WPN-114. Nashuku namba hukatika kwa urahisi kuliko jina.

Sasa njoo baharini. Prochlorococcus ni planktoni mdogo kiasi kwamba hakutambuliwa hadi miaka ya 1980, ingawa hakuna kiumbe kingine kinachojilisha kwa mwanga wa jua kilicho kingi kama yeye. Yumo hata kwenye Bahari yetu ya Hindi. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari kinaweza kubeba laki kadhaa. Kila siku wengi mno wanaliwa, wengine wanauawa na virusi, na hakuna anayesema pole.

Jibu rahisi ni kwamba mti uliishi sana, kale kadudu kanaishi siku moja. Nililiamini, mpaka nilipolichokonoa. Huyu planktoni akikwepa kuliwa hujigawa, karibu mara moja kwa siku. Mmoja anakuwa wawili, pasipo mzee wala maiti. Uzi huo wa uhai ni mkongwe kuliko msonobari wowote. Na misonobari hiyo ikizeeka, sehemu kubwa ya shina huwa mbao mfu. Uhai hubaki kwenye ukanda mwembamba wa gome. Yaani zile pete za kale zinazotuliza zilishakufa zamani! Tunachokililia ni mwili uliotunza hesabu ya siku zake. Planktoni hatunzi hesabu.

Sisemi tuwalilie wote sawasawa. Siwezi, nawe huwezi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyeacha ushahidi ndiye aliyestahili zaidi.

Juzi nililetewa habari ya ajali: waliokufa sita, jina moja. Nikapiga simu tatu zaidi kabla ya kuituma. Nilipata majina mawili.