Je, Kutopima ni Kusema Uongo?

Mtu ana kisima uani kwake, mahali ambapo bomba la umma halijafika. Majirani wanakuja na ndoo na madumu, wanalipa hela kidogo. Maji ni maangavu, hayana harufu. Siku moja jirani anauliza, "Haya maji ni salama kweli?" Mwenye kisima anajibu, "Mbona sisi tunakunywa miaka yote!" Je, amesema uongo?

Wengi watasema hapana. Hajapima, kwa hiyo hajui, na asiyejua hadanganyi. Mimi naona hoja hii inavuja.

Mwaka 1877 Mwingereza William Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Mfano wake ni mwenye meli chakavu inayokaribia kusafirisha wahamiaji. Anaingiwa na shaka kwamba inafaa kukaguliwa, ila ukaguzi ni gharama. Basi anajituliza: imeshasafiri mara nyingi, imeshinda dhoruba ngapi, hii itaishindaje? Mwishowe anaamini kabisa, kwa moyo mweupe. Meli inazama, yeye anachukua bima yake. Kwa Clifford, mtu huyu ana hatia, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Tena anaongeza linalouma zaidi: hata meli ingefika salama, hatia yake isingepungua.

"Imeshasafiri mara nyingi" na "tunakunywa miaka yote" ni kauli moja. Na kisima hakikai kilivyokuwa. Jirani anachimba choo cha shimo, masika yanakuja, na maji ya leo si ya mwaka jana. Maabara ikitafuta bakteria wa kinyesi katika mililita 100 za maji ya kunywa, wanaotakiwa kuonekana ni sifuri. Jicho haliwezi kazi hiyo.

Kuna na yale ambayo hata moto hauyawezi. Kuzunguka Mlima Meru, maji mengi yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana, meno huingia madoa ya kahawia na mifupa huharibika. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiendi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Kwa hiyo mama anaweza kuchemsha kila siku kwa bidii zote na bado asiwe amemkinga mwanawe.

Sasa pingamizi, na si dogo: "Ukishajua utafanya nini, na maji mengine hakuna?" Hebu tuitazame Bangladesh. Huko visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970, kwa nia njema kabisa, ili watu waache maji machafu ya madimbwi. Baadaye ikagundulika kwamba vingi vina aseniki inayotoka ardhini. Wapimaji wakawa wanapaka pampu rangi: nyekundu kwa maji ya hatari, kijani kwa yaliyo salama. Na kwa kuwa aseniki hutofautiana hata kati ya visima vilivyo karibu, familia nyingi zilihamia kwa jirani kuteka maji ya kunywa. Kipimo hakikuleta hata tone jipya. Kiliwaonyesha tu kilichokuwa kando yao siku zote.

Lakini kipimo ni hela, na si haki kumbebesha mwenye kisima peke yake mzigo ambao serikali ilipaswa kuubeba. Nakubali. Wateja wanaweza kuchangishana. Hata hivyo, kuna jibu moja lisilohitaji maabara wala mchango: "Sijapima." Neno moja tu. Linamrudishia jirani shaka yake, naye aamue mwenyewe. Anayelikwepa neno hilo akasema "tunakunywa miaka yote" anauza kitu ambacho hana, yaani uhakika.

Basi "sijapima" inatosha? Kwa mtu mzima, pengine. Lakini meno huharibiwa na floridi utotoni, yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Mtoto huyo hakuuliza kama maji ni salama. Alipewa kikombe, akanywa. Kwake yeye, ukweli wa mwenye kisima hausaidii kitu mpaka mtu mzima mmoja achukue chupa na kuipeleka maabara.