Mwenzenu Akiwekwa Ndani

Wajukuu zangu, akikamatwa mwenzenu kwa kuwasemea watu wanaotakiwa kupisha mgodi, najua mnakokimbilia: simu. Haipiti saa moja picha yake imezunguka makundi yote, kuanzia Kakola mpaka Katoro, na chini yake kila mtu kaandika lake: ametekwa, amepigwa, ameuawa. Siwakatazi kupiga kelele. Kelele za mapema zinaokoa, maana aliyemshika mtu akijua kwamba watu wameshajua, hujizuia. Ila semeni lile mnalolijua: kachukuliwa saa ngapi, wapi, kwa gari gani, nani aliona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na neno moja la kutunga linaweza kuwaweka ndani wawili badala ya mmoja. Halafu inukeni mwende vituoni, kituo baada ya kituo, mumuulizie kwa majina yake yote, na mwandike nani amewajibu na amewajibu nini.

Nalishikilia hili la kuandika kwa sababu ya yaliyotokea kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu. Julai na Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale kwa amri ya serikali, kuipisha kampuni ya Kahama Mining iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Maduara, yaani mashimo yao, yakafukiwa. Yakatoka madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali ikakana, kampuni ikakana. Kampuni ya Barrick ikainunua Sutton mwaka 1999, mgodi ukafunguliwa 2001, na swali likabaki palepale. Waliolibeba ni wanasheria wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, wakidai uchunguzi huru. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi yao Dar es Salaam na Nshala akakamatwa. Mwaka uliofuata yeye, Lissu na mwanasiasa Augustine Mrema wa chama cha TLP walishtakiwa kwa uchochezi. Watu wa mbali waliwapigania, shirika la MiningWatch la Kanada likiwemo. Lakini angalieni mabishano yenyewe yalikoelekea: kwenye hesabu na majina. Nani hasa alikuwa ndani ya duara lipi? Machimboni mtu hujulikana kwa jina la utani, kwao hakujulikani, na hakuna daftari la walioshuka. Waliotaka jambo lile life walishika hapo hapo. Kwa hiyo mimi nikiwaambia nunueni daftari, msidhani ni uzee unanisumbua.

Sheria mnayotakiwa kuijua kwa siku za kwanza si ndefu. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24. Mkuu wa mkoa au wa wilaya, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani saa 48. Zikiisha, afikishwe mahakamani au aachiwe. Muda ukipita na mtu haonekani, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda hapa Shinyanga, kuomba aletwe mbele ya jaji. Hapo ndipo zile saa mlizoandika zinapofanya kazi.

Kazi ngumu inakuja akishasomewa mashtaka. Tito Magoti wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu alikamatwa Dar es Salaam tarehe 20 Desemba 2019, na mwenzake Theodory Giyan. Katika mashtaka waliyosomewa katika mahakama ya Kisutu lilikuwemo la utakatishaji wa fedha, nalo halina dhamana. Mei 2020, katika shauri la mtu mwingine, Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kinapingana na Katiba. Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Wale wawili walitoka Januari 2021, kwa makubaliano na upande wa mashtaka, wakaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 17.

Mwaka na ushei. Hebu kaeni siku moja tu kwenye mabenchi ya mahakama muone mwaka huo unavyoliwa. Karandinga linaingia, mahabusu wanashuka, wanaitwa. Mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Hakimu anaandika. Dakika tano hazifiki, kesi imeahirishwa siku 14. Kabla hajaondolewa, mshtakiwa anageuza shingo kutazama mabenchi ya nyuma. Anawatafuta ninyi. Tarehe ya kwanza mlijaa mpaka mlangoni na fulana zenu. Tarehe ya sita yupo mkewe na shemeji. Gawaneni tarehe hizo, vijana. Wa Geita waje hii, wa Kahama waje ile, asikose hata mara moja nyuso anazozijua. Nauli ichangwe mapema, na mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia nyumbani kwake kama kuna unga na ada. Erick Kabendera, mwandishi wa habari, alikuwa mahabusu mama yake alipofariki siku ya mwisho ya 2019, na mahakama ikakataa ombi lake la kwenda kumuaga. Mtu aliye ndani anateswa na ya nyumbani kuliko anavyoteswa na ukuta.

Na asiwadanganye mtu kwamba wakubwa hawaguswi. Mwaka 1976, huku Shinyanga na Mwanza, watu waliokamatwa katika msako wa wauaji wa vikongwe walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977 kwa sababu ya vifo hivyo, ingawa hakumshika mtu kwa mkono wake. Waliokufa hawakuwa wanaharakati. Walikuwa watuhumiwa wa mauaji, watu wa vijijini ambao hakuna aliyewaimbia.

Kwa hiyo mwenzenu akitoka, msimpandishe jukwaani siku hiyo. Mpelekeni hospitali apimwe, mwacheni alale kwake. Akishapumzika, kaeni naye na lile daftari, mumuulize amewaacha nani mle ndani wasio na wakili wala wa kuwaletea chakula, na tarehe zao za kutajwa ni lini.